Rimoti ya mgahawani: uzoefu wangu wa kulipia chaneli za habari, Ngamiani, Tanga

Rimoti ya mgahawa wangu inakaa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mpira, kwa sababu kila anayeishika mkono wake umetoka kwenye mchuzi, kwenye oili ya pikipiki au, kama ni mimi, kwenye unga. TV ni ya inchi 32, ipo juu ya friji la soda, na chini yake nina meza sita. Tupo Ngamiani, kwenye mojawapo ya hizi barabara zetu za namba. Kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, ugomvi wa chaneli humu ndani ni mkubwa kuliko ugomvi wa bei.

Wateja wangu wa usiku ni wale wale. Yupo babu mmoja mstaafu wa bandari na wenzake wa kahawa; hao wanataka taarifa ya habari ya saa mbili, na ikianza hata kijiko kisilie. Wapo madereva wa malori ya Horohoro, wanataka vituo vya Kenya ili wajue kesho mpakani kukoje. Wapo vijana wa bodaboda, ambao wanasema habari wameshaziona mchana kwenye simu, basi niweke mpira. Halafu nipo mimi mlipaji.

Miezi minne nyuma nilipandisha kifurushi cha dishi nipate chaneli za habari za nje. Sababu kubwa ilikuwa babu, aliyeniambia, "Mwanangu, dunia imechafuka, na sie tunaonyeshwa uzinduzi wa kisima." Nikalipa. Mwezi huu kabla ya kulipa tena nikajiuliza, hela hii inaniletea nini ambacho antena na simu havileti? Nikakaa mwezi mzima nikitazama kwa makusudi.

Nianze na za nyumbani, na nianze kwa heshima zao. Sie wa Bara tulikaa muda mrefu bila televisheni. Zanzibar walikuwa na picha ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na marehemu baba alikuwa akisimulia jirani aliyeigeuzia antena yake baharini ili akamate picha ya visiwani, na mtaa mzima ukajaa sebuleni kwake. ITV ilianza mwaka 1994, ya taifa ikafuata baadaye, na mazoea ya saa mbili usiku yakaingia majumbani kama sala. Mwanzoni mwa 2013 analojia ikazimwa hapa Tanga, tukanunua ving'amuzi kwa kunung'unika. Mwaka 2018 tena, mvutano wa leseni kati ya mamlaka ya mawasiliano na kampuni za dishi ukaziondoa chaneli za bure kwenye dishi, asubuhi unawasha unakuta namba tupu. Tangu siku hiyo antena yangu ya juu ya bati sijaishusha, hata fundi aliponiambia imepitwa na wakati.

Sasa Jumanne moja nilichukua daftari la madeni, nikaligeuza nyuma, nikaandika kila habari iliyopita kwenye taarifa ya saa mbili ya kituo kimoja cha hapa nchini. Sikitaji, maana usiku mwingine ningemwandika jirani yake na mambo yangetoka vilevile. Zilikuwa habari kumi na nne. Tisa zilikuwa za kiongozi anafungua, anapokea, anaagiza au anatoa siku saba. Tatu za mikoani, zote za bara huko juu. Mbili za nje, kwa pamoja dakika tatu na kitu, msomaji akizikimbiza kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Tanga, sifuri.

Babu akaniona naandika. "Nani tena anadaiwa?"

"Babu, leo Tanga ndiyo inadai."

Zile dakika tatu za kimataifa nazo zina kasoro ya aina yake. Vituo vyetu havina mtu wao Gaza wala Kyiv. Picha zinanunuliwa kwa mashirika kama Reuters na AP, au zinachukuliwa kwa kituo rafiki cha nje. Ndiyo maana ukibadili chaneli unakutana na moshi uleule, gari la wagonjwa lilelile, mama yuleyule anayelia. Siwalaumu kwa kununua, kumpeleka mwandishi vitani si mchezo. Ninachowalaumu ni kwamba picha ikishanunuliwa inasomwa kama ilivyokuja, na hakuna anayeishusha mpaka kwangu.

Nieleze ninamaanisha nini kwa andazi. Urusi ilipoingia Ukraine Februari 2022, kila usiku tulionyeshwa vifaru. Wiki chache baadaye unga wa ngano ukapanda, mafuta ya kula yakapanda, petroli ikapanda mpaka serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mie nikalipunguza andazi badala ya kupandisha bei, na wateja wakanisema mtaa mzima kwamba nimekuwa mchoyo. Kumbe ngano tunayokula nchi hii kwa sehemu kubwa inatoka nje, na kule vitani ndiko ghala la ngano la dunia. Vifaru vilikuwa kwenye "kimataifa", unga ulikuwa kwenye "uchumi", na katikati yao kulikuwa na matangazo ya sabuni. Laiti mtangazaji mmoja angesema hayo mawili kwa pumzi moja, nisingeitwa mchoyo.

Hali ilikuwa hiyo hiyo mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu na nyingi zikazungukia Afrika Kusini. Kwenye chaneli za nje zilikuwa ni ramani na wachambuzi. Kwenye za kwetu ilikuwa bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambazo zina safu yake ya Tanga kabisa kwa sababu mafuta yanashushwa hapa bandarini. Vijana wa bodaboda walizijua bei, babu alizijua meli, na ilibidi waketi meza moja ndipo habari ikakamilika.

Lakini kipimo chenyewe, kwa mtu wa Tanga, ni bomba la mafuta. Linaanzia Hoima, Uganda, linakwenda kilomita 1,443 na kuishia hapa kwetu Chongoleani, ng'ambo ya ghuba. Zaidi ya kilomita 1,100 zimo ndani ya Tanzania. Mafuta yenyewe yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba inabidi lipashwe moto njia nzima. Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Agosti 2017, na wiki ile niliuza vitumbua mpaka nikakosa mchele wa kuloweka. Hii ni habari ya nyumbani, ni habari ya nchi mbili, ni habari ya Ufaransa na China kwa sababu TotalEnergies na CNOOC wamo ndani yake. Nikasema hapa ndipo nitaijua mizani ya kila kituo.

Vituo vya nyumbani viliiweka kwenye "kitaifa": asilimia ya ujenzi, kiongozi kavaa kofia ngumu, mkandarasi anaahidi, wimbo. Fidia ikitajwa inatajwa kwa mabilioni yaliyokwisha kulipwa. Chaneli za Ulaya ziliiweka kwenye "mazingira": vijana na mabango Paris, benki zilizokataa kukopesha, azimio la Bunge la Ulaya la Septemba 2022, mkulima wa Uganda akionyesha mpaka wa shamba lake. Ramani yao ina mstari mwekundu, na mwisho wa mstari kuna kidoto kimeandikwa Tanga. Nilikitazama kile kidoto hadi kikaondoka. Tumo humo watu laki kadhaa na hakuna aliyefungua mdomo. Vituo vya Kenya nao, wakiigusa, inakuwa "biashara", kwa jicho la mtu aliyenyang'anywa tonge, maana kulikuwa na mpango wa kulipitisha kwao mpaka Uganda ilipoichagua Tanga mwaka 2016.

Wiki ileile alikuja mvuvi kutoka Chongoleani kuniletea changu na tasi. Alikuwa na swali moja: lile gati la kupakilia mafuta likianza kazi, ngalawa itaruhusiwa kupita umbali gani? Kule pembeni ndiko mitego yake iliko. Nikamwambia aketi tutazame. Alikunywa vikombe viwili vya chai, akaona kofia ngumu, akaona mabango ya Paris, akaaga.

Jibu, au tuseme nusu ya jibu, nililipata kwenye simu. Kijana mmoja mwenye TV yake ya mtandaoni, kamera yake simu na kigoda cha miguu mitatu, alikuwa amekwenda hadi pwani ya kule na kuwahoji wavuvi kwa dakika kumi na moja. Upepo umekula maneno mengi, na yeye mwenyewe anauliza maswali marefu kuliko majibu. Ila aliuliza la ngalawa. Nikamtumia mvuvi kiungo kwa WhatsApp. TV kama hizi zingekuwa nyingi zaidi, naamini, lakini tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 hata anayerusha habari YouTube anatakiwa awe na leseni, na ada yake kwa kijana wa Tanga si hela ya chai.

Hapo naingia kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote: kituo kimoja kwenye ukuta na kituo hichohicho kwenye simu si ndugu. Kile nilichokihesabia habari kumi na nne, asubuhi yake niliufungua ukurasa wao wa YouTube. Juu kabisa palikuwa na ugomvi wa harusi, tena wa nchi nyingine, picha yake imechorwa mshale mwekundu na mdomo wa bi harusi umekuzwa. Chini yake mchungaji, chini yake msanii, chini yake mpira. Ile ziara ya waziri iliyofungua taarifa nilivuta kidole mpaka nikachoka, nikaikuta na watazamaji mia mbili na hamsini. Kwa hiyo ukutani wanampa nafasi mwenye cheo, kwenye simu wanampa mwenye kituko. Mtu anayetaka kujua meli gani imetia nanga au Pangani daraja limefikia wapi, kote kuwili yeye ni mgeni.

Za nje nazo ziko hivyo kwa namna yao. Al Jazeera kwenye ukuta ni kituo cha habari saa ishirini na nne, mwandishi kasimama mwenyewe kwenye vumbi. Qatar ni nchi ndogo, habari zake za nyumbani hazijazi kipindi, basi nafasi yote ni ya walimwengu, ingawa mwenye kulipia ni serikali ya huko na hilo babu huniambia nisilisahau. Inarushwa mubashara bure YouTube. Hapo nikajipiga paji la uso, maana mie nailipia dishi. BBC mpaka Aprili 2023 walikuwa na chaneli mbili, moja ya Waingereza na moja ya dunia, halafu kwa kubana matumizi wakazichanganya kuwa moja. Matokeo yake kuna mchana nakaanga samaki huku nasikiliza malumbano ya hospitali za London kama vile nina bima huko. CNN wao wanazo mbili, ila saa nyingi ile ya kimataifa inaazima vipindi vya Marekani vilevile. Wakubwa hawa wamehangaika na mizani miaka na miaka na bado jungu limeinama upande wa kwao. Nikawasamehe kidogo wa kwetu.

Kwa mteja wangu wa kawaida, lakini, hayo yote ni Kiingereza, na Kiingereza mgahawani ni picha bila mchuzi. Ninayemtetea bila haya ni yule anayeileta dunia kwa Kiswahili. Dira ya Dunia ya BBC ilipoanza kuonekana kwenye TV mwaka 2012 ikirushwa kupitia kituo cha hapa nyumbani, enzi za Salim Kikeke, mezani kwangu walikuwa hawanyanyuki. Ile ndiyo ilikuwa mizani: Kongo, Syria na Kigoma kwenye nusu saa moja, na mtangazaji anaongea kama binamu yako aliyesafiri. Idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani ipo tangu 1963 na ukurasani mwao bado nasoma vizuri. Sauti ya Amerika ilinyamaza Machi 2025 kwa amri iliyotoka Washington, na babu akawa kila jioni anazungusha mshale wa redio yake kama mtu aliyeangusha sarafu. Madereva nao wana taarifa za Kiswahili za Kenya za saa moja jioni. Nazipenda, wanakimbia na wanauliza maswali magumu, ila "gatuzi" na "eneobunge" zao zinanifanya nicheke hata kwenye msiba.

Kuna mwezi mmoja ambao ulinifundisha kuhusu vyombo kuliko miezi hii minne ya kulipa. Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinakuja pwani yetu. Vituo vya Kenya vilikuwa vimezama kwenye mafuriko yao, maafa ya Mai Mahiu yalikuwa ya siku chache tu nyuma, haki yao. Chaneli za kimataifa zilitupa mstari mmoja unaopita chini ya kioo. Waliosimama ni wa nyumbani: taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilisomwa, zikarudiwa, kwa Kiswahili cha kueleweka, na Sahare watu wakazivuta ngalawa juu kabisa. Mvua ilipokaza, dishi langu likaandika hakuna mawimbi. Antena ya bati ikaendelea. Siku nane baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikawa inatambaa. Vijana wa bodaboda wakaziweka simu mezani kifudifudi, wakainua nyuso, wakatazama habari za saa mbili mpaka mwisho, tena wanauliza maswali. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima, ilikuwa ni ukuta na redio ya babu, na tulikaa kimya.

Kwa hiyo nimefika hapa. Kifurushi cha juu sikilipii tena. Sijaona ubaya wa chaneli zenyewe, ila zile ninazozitazama kweli nazipata bure kwenye simu, na kijana mmoja amenionyesha namna ya kuirusha simu kwenye TV. Kwa picha ya wastani inanila kama nusu GB kwa saa, kwa hiyo nafanya hivyo Jumapili tu, saa moja ya Al Jazeera, babu akitafsiri anavyojua na wengine wakimrekebisha. Antena inabaki. Betri za redio zinabaki kwenye droo ya hela. Vituo vya nyumbani nitaendelea kuvitazama saa mbili kamili, na daftari nimelining'iniza kwenye msumari kando ya friji, na yeyote anayesikia neno Tanga anaruhusiwa kuchora kijistari. Wiki ya kwanza tumepata vitatu: kimoja mkonge, kimoja ajali Segera, kimoja timu yetu ya mpira, Coastal Union, wamefungwa.

Kifurushi kinaisha Ijumaa. Madereva wa Horohoro wameshaambiwa, wamenuna, mmoja kasema atahamia kwa jirani. Jirani hana TV.